Mpira Ulionigonga Kisogoni

Dwight, nimejifungia chooni. Wenzangu bado wanacheka huko nje.

Miaka minne kwenye timu hii ya futiboli ya Kimarekani kazi yangu ni kusukuma mabeki tu, ili wengine wapite na mpira. Jana kwenye mechi, mara ya kwanza, wakanirushia mimi nidake. Nilikuwa peke yangu kabisa, hakuna wa kunikaba, jimbo zima la Wisconsin linaangalia!

Nikamwona beki kule pembeni. NIKAMFUATA NIKAMSUKUMA. Mpira ukanigonga helmeti, kisogoni. Kisogoni, kaka!

Leo kocha Hruska katuonyesha video ya tukio hilo mara tisa. Nikamwomba, "Nirushieni tena, nitadaka." Akanipigapiga bega: "Wewe ni ukuta, Wendell. Ukuta haudaki. Utasukuma mpaka ustaafu."

Halafu mama kapiga simu, analia kwa furaha: "Mwanangu, hatimaye wamekutaja kwenye televisheni!"