Sabina Ndani ya Kadi

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Sabina amekufa. Asubuhi, wodini. Malaria ilipanda kichwani. Nesi kasema chukua vitu vyake. Kanga, ndala, bakuli. Nimerudi kwa miguu.

Jumatano, 11 Agosti

Tumemzika kwao Magu. Vumbi. Watu wengi, wali ulitosha.

Nyapara wa ghala alikuja na vibarua wawili, wana pamba kwenye nywele bado. Kasema pole Chenge, marobota hayana msiba, lakini nafasi yako nimeishikilia mpaka Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Basi. Nikasema sawa.

Katekista aliomba picha ya marehemu aweke juu ya jeneza. Hatuna. Ile ya ndoa mchwa walikula na fremu yake. Tukaweka maua.

Sikulia. Mama mkwe alinitazama sana.

Jumamosi, 14 Agosti

Wamenyoa nywele, wamegawa nguo. Ndiyo desturi — kitu cha marehemu hakibaki ndani. Gauni la kijani kachukua mama yake mdogo. Linambana.

Nimerudi nyumbani, Mabatini. Nimelala mchana. Nilipoamka nikajaribu kuukumbuka uso wake. Ikaja kanga. Ikaja sauti, ananiita kula. Uso — hakuna. Mapema hivi!

Jumanne, 17 Agosti

Kaja Getruda, mdogo wake Sabina, mwenye chumba cha gemu hapa mtaani. Sabina alikuwa anakaa mlangoni pale, anauza karanga na kuita zamu za watoto.

Kaleta kadi ya plastiki, ndogo, kama kiberiti. Kasema shemeji, hii haikugawiwa, niliificha kwenye sidiria. Nikauliza ni nini. Kasema dada yumo humu.

Nikamwambia asinichezee.

Kasema kweli. Kuna gemu ya mieleka, unajitengenezea mtu wako — urefu, rangi, nguo, mpaka anavyosimama. Kadi inamtunza. Sabina alijitengeneza. Mtoto zamu yake ikiisha pambano halijaisha, Sabina anampokonya vibonyezo, anamalizia. Bure. Ndivyo alivyojifunza. Mwishowe anawapiga mpaka vijana wa sekondari, na karanga wananunua.

Mke wangu. Mieleka! Mimi niliambiwa karanga tu.

Nikasema washa nimwone. Kasema mashine iliungua, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Aliyonunua sasa ni aina nyingine, kadi haiingii hata ukiigonga. CD ya gemu bado anayo.

Nataka kumwona. Sijamwambia sababu.

Alhamisi, 19 Agosti

Tulikwenda mjini, Nyamagana, kwa Maige. Fundi wa redio, ana kompyuta pia. Kachomeka kadi kwenye kidude chenye waya, waya kwenye kompyuta. Ikasoma. Akafungua faili.

Alama tupu. Mabano, namba, vidoti. Anashuka chini, zinakuja nyingine.

Getruda kasema, Maige, huyo ndiye dada yangu? Mbona umemsaga!

Maige kasema yumo mzima, ila kompyuta haijui kumchora.

Akashuka tena. Katikati ya ule uchafu — SABINA. Herufi kubwa. Nilisoma mwenyewe. Nikaweka kidole pale. Kioo kina joto.

Maige kasema ipo programu inaifanya kompyuta ijifanye ile mashine. Rafiki yake anatoka nayo Nairobi. Njoo Jumapili, mzee Chenge.

Jumapili, 22 Agosti

Kanisani sikwenda.

Programu imefika. Maige kaweka CD, kaweka faili ya kadi. Kompyuta yake nzito, kila kitu polepole, kama watu wanatembea kwenye jaruba la mpunga. Muziki unakwaruza. Ikaja orodha ya watu. Getruda akashuka nayo, akasimama. Huyo.

Mfupi. Mweusi. Gauni kwenye gemu hakuna, kavaa suruali. Uso si wake. Getruda kasema sura zilikuwa chache, zote za wanaume, dada akachagua yenye hasira kidogo.

Lakini mikono kiunoni. Kichwa kimelala upande. Ndivyo alivyokuwa anasimama mlangoni kwetu nikichelewa kurudi. Hivyo hivyo! Na mabega yanapanda, yanashuka. Nikauliza anafanya nini. Maige kasema hafanyi kitu, mzee. Anapumua tu, anasubiri.

Getruda akalia. Mimi nikaangalia mabega.

Chini yake kuna mwingine. CHENGE.

Mrefu kuliko mimi. Suruali nyekundu. Getruda anacheka na kamasi zinamtoka — dada alikuwa anakupiga kila jioni, shemeji, wewe uko ghalani! Alikutengeneza mrefu makusudi. Alisema mfupi ataisha upesi.

Wakanikalisha mbele ya vibonyezo. Getruda kasema wewe ni Sabina, Chenge ataendeshwa na kompyuta. Kengele ikalia.

Sijui vibonyezo. Sabina akasimama tu. Yule mwenye jina langu akaja, polepole. Akampiga. Sabina akaanguka. Akainuka, mikono kiunoni. Akampiga tena.

Sijawahi kumpiga mke wangu. Hata kofi.

Getruda anapiga kelele, bonyeza shemeji! Herufi yoyote! Vidole havikwenda. Nabeba marobota kwa mikono hii. Havikwenda.

Maige akasimamisha. Picha imeganda — mkono wangu uko juu, yeye ananitazama. Mabega hayapandi.

Nikauliza kibonyezo kipi cha kumtoa Sabina nje ya ulingo. Getruda kasema kipo, ila Sabina hakukitumia hata mara moja.

Maige kasema vibonyezo ni vinne tu, nitajifunza. Ataiacha kompyuta hivyo hivyo bila kuzima, umeme ukikubali. Nije kesho asubuhi tuendelee.

Nimewaambia kesho siwezi. Kesho narudi kazini.