R ya Shangazi Yangu

Jumatano jioni, ufukwe wa Mwigobero. Jua limepiga tangu asubuhi bila huruma, na ziwa limetulia utafikiri halijawahi kumdhuru mtu. Nina hasira. Nasema mapema ili anayesoma asije akategemea picha za machweo.

Nimekuja Musoma kutoka Bunda, Nyasura, ninakoishi na kufundisha. Nina ruhusa ya siku moja tu. Mji umechangamka, siwezi kudanganya. Hii ni mara yangu ya kwanza kuisikia Mwigobero na kelele zake tangu maji ya ziwa yapande na kulala ndani ya nyumba za watu. Mitumbwi ya vijijini inapakia magodoro na kreti za soda, akina mama wanabishana kama sado, kile kindoo cha kupimia dagaa, imejaa au imedanganywa, na spika ya mwenye mgahawa inapiga kwaya moja tangu saa tatu. Yale maduka ya zamani yenye nguzo nene na varanda, yaliyojengwa kabla babu yangu hajaoa, yamepakwa rangi ya njano. Wamepaka mpaka ukuta wa duka la kona, pale maji yalipoacha mstari wa tope.

Mstari ule ulikuwa unanifika kifuani. Leo nimeutafuta nikaukosa, na palepale ulipokuwa wamesimama wageni wawili wanapiga selfi.

Kila niliyesalimiana naye ameniambia neno moja: Musoma imerudi. Mwenye mgahawa kasema hivyo, mshona viatu kasema, na bango kubwa karibu na gati nalo linasema, kwa herufi ndefu kuliko mimi. Imerudi kwa nani? Shangazi yangu hajarudi popote.

Shangazi Reokadia ni dada mkubwa wa marehemu baba. Ameanika dagaa kwenye ufukwe huu tangu sijazaliwa, na dagaa hao ndio walionisomesha mpaka nikaitwa mwalimu. Maji yalipopanda yalichukua chanja zake zote, zile meza ndefu za miti na neti ambazo dagaa hutandazwa juu yake, na chumba alichokuwa anaishi kikabomoka. Sasa zimejengwa chanja mpya, juu kidogo, mbali na maji. Kila aliyepoteza yake, kama jina lake liliandikwa kwenye orodha, anapewa moja.

Yake ipo. Nimeiona kwa macho yangu. Ni namba kumi na tisa, kwa rangi nyekundu, na haina hata dagaa mmoja juu yake. Mwenyewe anaanika chini, kwenye kipande cha neti alichotandika juu ya mawe, kwa hisani ya jirani. Dagaa wa chini wanashika mchanga, na dagaa wa mchanga mnunuzi anawaonja mara moja tu, harudi tena. Ijumaa saa sita mchana, chanja ambazo hazijachukuliwa watapewa watu wa orodha ya kusubiri. Wakimpokonya hiyo, hana nyingine, na umri wake si wa kuanza kutafuta miti ya kujenga.

Juzi alinipigia simu. "Jina rangu rimekosewa, mwanangu. Kira siku wananirudisha."

Basi nikaja nimejiandaa kwa vita.

Ofisi yenyewe sitaitaja, nisije nikaitwa. Ni kontena lenye dirisha na foleni; tulipanga mimi na Shangazi. Ndani yuko mama mmoja wa makamo mwenye kishikwambi, mpole, na upole wake ulinikera kuliko matusi. Alichukua kitambulisho cha Shangazi, akakiangalia, akaangalia kishikwambi, akatikisa kichwa. Orodha ina Leokadia. Kitambulisho kina Reokadia. Mfumo unataka majina yafanane herufi kwa herufi.

"Sio mimi, dada. Ni mfumo."

Nilipasuka. Mimi ni mtu wa kupandisha sauti, wanafunzi wangu wanalijua hilo, na leo foleni nzima imelijua. Nilisema huyu mama amezaliwa hapa, amezeekea hapa, na leo mnamkana kwa herufi moja! Nilisema aliyeandika orodha hii hajui kazi, ni mtu wa hovyo, hakusoma huyo, alipewa kalamu kimakosa. Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Waambie, mwarimu!" Nikajisikia vizuri sana. Nikaongeza mengine.

Yule mama wa ofisi akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akavuta droo, akatoa daftari kubwa la mkono, lile walilotumia kuandikisha watu siku za mafuriko, ambalo baadaye liliingizwa kwenye kompyuta. Akalifungua, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Siku zile shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuja kujitolea kwenye kanisa walikolala watu, nikaombwa niandike majina kwa sababu nina hati nzuri. Niliandika asubuhi mpaka jioni, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa na huruma nyingi na kalamu ya bluu. Shangazi alipofika mezani nilimwambia aseme jina, kama wenzake, ili isionekane napendelea ndugu. Akasema Reokadia. Nikaandika R. Kisha nikaifuta kwa mstari mmoja, mnyoofu, nikaandika L juu yake. Mstari huo nimeukuta leo ulivyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nusu ya maisha yangu ni kukata R za watoto wanaoandika kurara na kura wakitaka kusema kulala na kula. Mkono wangu haungoji niufikirie. Nakumbuka hata nilivyomwambia, nikicheka, "Shangazi, ni Leokadia." Naye akajibu, "Haya, wewe ndiye umesoma."

Nilijisikia fahari. Hilo ndilo linalonichoma. Amelala sakafuni kanisani, hana chumba, hana chanja, na mimi naona fahari kwamba nimemnyoosha jina.

Na wala halikuwa kosa. Kitambulisho chake kinasema Reokadia. Cheti chake cha ubatizo kinasema Reokadia, na kadi ya kwaya vilevile. Mtu fulani zamani alimsikiliza akaandika alichosikia, na kikawa jina lake, la halali, lenye mhuri. Aliyelikosea ni mimi, na nililikosea kwa kulisahihisha.

Lakini bado sijaandika lililo baya zaidi. Yule mama wa ofisi akasema kwa upole wake uleule, "Aliyeandika angepatikana, akaja na kitambulisho chake akasaini pembeni hapa, tungemaliza sasa hivi. Bila hivyo ni kiapo cha mahakamani, na kiapo hakitatoka kabla ya Ijumaa. Mnamjua?"

Nilikuwa nimesimama pale. Kitambulisho changu kilikuwa kwenye mkoba, na kalamu ilikuwa mezani.

Nikaubana mkoba kwapani.

Mimi, niliyekuwa na maneno ya kujaza kontena zima dakika mbili kabla, sikuwa na hata moja. Nyuma yangu walikuwa wale walionipigia makofi. Nilishasema aliyeandika hakusoma. Ningegeuka niwaambie nini?

Shangazi ndiye aliyejibu. "Warikuwa watoto tu wa kujitorea, mama. Hatuwajui." Akanishika mkono tukatoka.

Tukaenda kwenye mawe yake. Tuligeuza dagaa, yeye upande huu na mimi upande ule. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na ile kwaya ya mgahawani, na rangi ya njano, na korongo aliyekuwa anatembea kati ya dagaa kana kwamba ni shamba lake. Mwisho Shangazi akasema, bila kuniangalia, "Mwandiko wako ninaujuaga. Barua zako za shure nirikuwa nazo zote mpaka maji yaripozichukua."

Nikamuuliza kwa nini sasa hakusema.

"Mbere ya watu? Wewe ni mwarimu. Wangekucheka."

Naandika hapa kitu ambacho sitathubutu kumwambia: nilimkasirikia. Nilitamani anitukane. Nilitamani aniulize ada zote zile zilikuwa za nini, kama ni za kunifundisha kumfuta. Badala yake akaniambia nisogee kivulini, jua lisije likaniumiza kichwa.

Nilipoinuka kurudi ofisini ilikuwa saa tisa na nusu, nikakuta kontena limefungwa. Naapa nilikuwa narudi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu hata mimi najishuku.

Sasa nimekaa mlangoni kwa jirani anakolala Shangazi. Yeye anapika ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, anaimba. Nilifikiri hasira ingepungua nikishaandika. Imeongezeka, na nimejua kwa nini.

Pale dirishani, kabla yule mama hajafunga daftari, niliuona ukurasa mzima. Sikuusoma, niliuona tu. Jina la Shangazi halikuwa na mstari peke yake. Kulikuwa na mistari juu yake na chini yake, minyoofu, ya bluu. Nimeanza kuwakumbuka mmoja mmoja. Bibi wa kijiji cha Guta aliyekuwa amekuja kwa bintiye siku ile maji yalipoingia, akasema Rucia. Mama mwenye mtoto mgongoni, akasema Perajia. Yule aliyesema Ferista kwa sauti ndogo, nikamrudishia Felista kwa sauti kubwa, kana kwamba niko darasani kwangu. Wote walinijibu kitu kinachofanana. Haya, mwalimu. Asante, mwalimu. Sijui vitambulisho vyao vinasema nini. Labda wengine niliwaandika sawa. Lakini leo mchana, nilipotembea mpaka mwisho wa ufukwe, niliona chanja nyingine zenye namba nyekundu zisizo na dagaa, nikawalaumu wenyewe kimoyomoyo kwamba ni wazembe.

Shangazi alikuwa na mtu wa kumpigia simu. Wale wengine wamepiga kwa nani?

Kesho saa mbili kamili nitakuwa wa kwanza kwenye lile dirisha. Sitakwenda kama binti wa kaka yake mtu. Nitasema kwa sauti ileile ya leo, foleni nzima isikie, kwamba mwandiko ni wangu, kisha niombe daftari tulipitie ukurasa kwa ukurasa. Wakicheka, wacheke.

Nimemtumia mkuu wa shule ujumbe kuomba ruhusa ya siku nyingine. Kwenye sababu nimeandika ukweli: nilikosea watu majina, nataka kuyarudisha.

Amenijibu sasa hivi. Ruhusa amenipa. Ameuliza tu ni watu wangapi.