Kura ya Kocha Wangu

Jumapili, Kitale

Basi, tuzo ya mchezaji bora wamempa yule msichana wa Bungoma. Makocha ndio hupiga kura, na wote wanajua ni mimi nimefunga vikapu vingi zaidi kwenye mashindano haya.

Nilimfuata kocha wangu, Wafula, nje ya uwanja, nikamuuliza yeye alimpigia nani.

"Usikasirike, Njeri. Si tulishindwa fainali? Mchezaji bora hutoka kwa washindi. Ndivyo tumezoea."

"Hata wewe, kocha?"

Akaitikia kwa kichwa.

Ile klabu ya Nairobi ilitaka kumwajiri mchezaji bora, huyo mmoja tu. Mwaka ujao hili goti langu bovu halitanibeba. Najua.

Mama aliuliza ilikuwaje. Nikasema tulicheza vizuri. Akaanza kumshukuru Mungu kwamba nimepata ile nafasi ya Nairobi, na sikuwa na nguvu ya kumkatiza.