Madoa Meupe ya Riziki

Jumatatu, tarehe 9
Saa tatu. Jua limetoka vizuri juu ya Fizi. Darubini juu ya kigoda, jua linaangukia karatasi, wanafunzi wanachora madoa yake meusi. Hakuna kutazama juu. Kaye zetu, yaani daftari, ndizo safi kuliko zote hapa, na ninajivuna nazo. Riziki peke yake kachora michirizi hafifu karibu na ukingo wa jua, anasema inang'aa. Nimemwambia ni uchafu wa lenzi. Kafuta.

Jumanne, tarehe 10
Kachora tena. Nimemkata pointi mbili za usafi. Basi hayumo kati ya watano watakaokwenda mjini Baraka Jumamosi, kwenye maonyesho ya shule. Hakulia. Alisema tu: "Mwalimu, hii haiko buchafu. Iko natembea na jua."

Ilinikera.

Jumatano, tarehe 11
Nimesafisha lenzi kwa alikoli. Michirizi ipo. Nimesogeza darubini: imebaki na jua. Mjinga ni mimi.

Nimefungua daftari langu la chuo. Nguvu ya sumaku ikijikusanya kwa wingi, huzuia joto lisipande: doa jeusi. Ikiwa mafungu madogo madogo, hufungua vishimo vyembamba usoni mwa jua, na kuta zake za moto hung'aa. Ukingoni tunaziona kwa ubavu. Haya niliyasoma, nikafaulu mtihani, nikasahau.

Alhamisi, tarehe 12
Nimesema mbele ya darasa zima: nilikosa, Riziki alikuwa sawa. Pointi zimerudi. Anakwenda Baraka, wa sita. Prefe, mkuu wetu, anasema mwalimu akijishusha hivyo watoto watampanda kichwani. Wapande.

Jumamosi, tarehe 14
Baraka. Joto kali. Mwamuzi mmoja, mwalimu mzee, kacheka: "Hii ni buchafu ya lentille." Maneno yangu yaleyale. Nilitaka kujibu, nikawahiwa. Riziki kapanga mezani michoro ya Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

"Buchafu ingebakia fasi moya, Papa. Angalia."

Mzee kavaa miwani. Katazama muda mrefu, kisha kawaita wenzake. Hatukushika nafasi ya kwanza. Sijali. Sijawahi kujivunia mtu hivi, hata siku ya diploma yangu mwenyewe.

Jumapili, tarehe 15
Mawingu. Baada ya ibada Riziki kanifuata uani, kasema saa tatu tunachelewa, mawingu ya mlimani yanatuwahi. Kesho tutaanza saa mbili.