Vyuma vya Mama Havina Muhuri

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimelala chali, simu nimeishika juu ya uso, kwa hiyo nisamehe makosa ya kuandika, na naomba msaada wako haraka maana jambo lenyewe limenifika shingoni, na mgongoni pia. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto, na kazi yangu ni ukaguzi wa mizani, yaani napita sokoni na madukani na mchukuzi wangu anayenibebea mawe ya kupimia, mizani iliyo sawa naipiga muhuri, inayopunja naizuia, na watu wananiheshimu, wakiniona tu natokea wanaanza kupangusa mizani.

Tatizo langu ni mama yangu mzazi, ana miaka sitini na nane, alikuwa fundi cherehani mpaka macho yakagoma, anaishi peke yake ghorofa ya pili kwenye nyumba ya kupanga, na badala ya kukaa apumzike kama wenzake ananyanyua vyuma, Shangazi, vyuma kabisa, sifanyi utani, mara tatu kwa wiki anavaa raba na suruali ya mazoezi anakwenda kwenye chumba nyuma ya gereji moja, ambako mama aliyestaafu kazi ya kunyoosha watu viungo hospitalini amekusanya wazee saba anawafundisha kuchuchumaa na kuinuka na uzito mkononi, na siku nyingine anafanyia nyumbani, pale sebuleni palipokuwa na cherehani sasa pana fimbo ya chuma na visahani vyake vya uzito. Majirani wananiuliza, "Mama yako kaajiriwa jeshini?" Mke wangu anasema, "Mwache mama wa watu, hajamwomba mtu amsaidie kubeba," lakini huyo siku zote yuko upande wa mama.

Mambo haya yalianza baada ya baba kutuacha. Baba alianguka bafuni asubuhi, mama akamvuta amwinue akashindwa, akapiga kelele wee, nyumba nzima walikuwa wameshakwenda kazini, na mimi simu nilikuwa nimeizima kwa sababu nilikuwa kwenye ukaguzi, basi baba akalala kwenye sakafu ya saruji mpaka saa kumi jioni, mama kakaa pembeni yake, na ingawa aliishi miezi minne zaidi hakusimama tena. Tangu hapo mama ndiyo kawa hivi. Alianza na chupa za maji, nikanyamaza. Juzijuzi akaniambia amefika kilo arobaini, nikajua ni uongo, nikaenda na mizani ya kazini nikapima, nikakuta arobaini na mbili.

Kwa kuwa maneno hayasaidii, Jumamosi iliyopita nilikwenda kuvichukua. Nilimwambia kwamba mimi ni mkaguzi, uzito usio na muhuri nina mamlaka ya kuuzuia, na vyuma vyake havina muhuri. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akasimama bila kushika kitu chochote, akaniambia, "Haya bwana mkaguzi, zuia. Mlango ule pale." Nikatia visahani kwenye gunia, nikajitwika begani, na nilipofika ngazi ya nne mgongo ukalia ko! nikaenda chini mimi na gunia langu, nikabaki pale ngazi zinapokata kona, siwezi hata kugeuka. Mama akaja, akasukuma gunia pembeni, akaniuliza kama nasikia vidole vya miguu, akaniambia nilale ubavu nikunje magoti, akachuchumaa, akapitisha mikono kwapani, akaniinua, Shangazi, mimi mtu wa kilo themanini na tatu, akanikokota mpaka kitandani kwake. Na njia nzima alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka, "Baba yako alikuwa sabini na moja. Sabini na moja tu." Nahofia akili imeanza kuyumba.

Leo ni siku ya sita nipo kitandani kwake, daktari kasema ni msuli tu, nitapona, lakini kila nikitaka kwenda msalani ni mama ananiinua, kisha anarudi sebuleni na fimbo yake tupu, maana gunia bado liko pale kwenye kona ya ngazi, nasikia anahesabu, moja, mbili, tatu. Na kuna jambo lingine dogo. Mwezi uliopita nilimwandikia mwenye nyumba barua kwamba mama anahama mwisho wa mwezi huu, ili aje akae kwangu chumba cha nyuma, tumwangalie. Mama hajui, na zimebaki siku tisa. Nifanyeje aache vyuma, na habari ya kuhama nimwambieje asiudhike?

Ni mimi,
Mkaguzi Niliyelazwa

MAJIBU YA SHANGAZI

Mkaguzi, pole kwa mgongo. Pole yako ndiyo hiyo, usisubiri nyingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikidhani kuna mtu ananichezea. Mwanaume mzima, na ndevu zake, anakwenda kwa mama yake kukamata vyuma kwa kukosa muhuri! Kwani mama anauza nini kwa hivyo vyuma? Kampunja nani? Watu wengine aibu kama hii huificha uvunguni, wewe umeiandika vizuri na mkato na nukta, ukaituma gazetini.

Na huyo mchukuzi wako, mpe salamu zangu. Kumbe miaka yote hiyo umekuwa ukiuandika uzito tu, wa kuubeba ni mwingine. Siku uliyobeba mwenyewe hukumaliza hata ngazi tano. Halafu unalala kwenye kitanda cha mama, unakula chakula cha mama, unapelekwa msalani na mikono ya mama, unaniuliza namna ya kuidhoofisha mikono hiyo hiyo. Nyani haoni kundule, baba, lakini wewe umezidi.

Eti akae apumzike. Mtu aliyeinama kwenye cherehani maisha yake yote unamwambia akae? Kukaa amekaa vya kutosha. Mzee ukimwacha kitini kutwa, miguu inasahau kazi yake, na miguu ikishasahau, ngazi zinamshinda, bafu linamtisha, mwisho anaomba mtu amsimamishe. Mama yako amekataa kufika huko. Hakukurupuka, alianza na chupa za maji, ana mwalimu anayejua viungo vya watu, na kilo zake umezipima wewe mwenyewe. Apime presha, amsikilize mwalimu wake, siku mwili ukikataa apumzike. Nina hakika hayo anayajua kuliko wewe na mimi. Na majirani waache waulize, midomo yao haijawahi kumwinua mtu.

Sasa tuje kwenye hayo uliyoyaita maneno yasiyoeleweka. Wewe kazi yako ni kusoma uzito, huo umeshindwaje kuusoma? Baba yako alikuwa kilo sabini na moja. Asubuhi ile mama yako alivuta kilo sabini na moja zikamshinda, akakaa nazo kwenye saruji mpaka jioni, na simu ya mwanawe imezimwa. Kila anapochuchumaa pale sebuleni, mume wake bado yuko sakafuni. Jumamosi kakuinua wewe wa themanini na tatu, na hapo ngazini akajua kwamba leo angemwinua. Mimi sikumjua baba yako, lakini nilipofika hapo niliweka barua chini nikafuta macho. Wewe umeandika kwamba akili inayumba.

Hofu yako naiona, na hiyo siicheki. Hukuwepo siku ile, na unataka mama awe chumba cha nyuma ili siku nyingine uwepo. Ni hofu ya mtoto anayempenda mzazi wake. Lakini umeibeba vibaya kama ulivyolibeba gunia. Kumhamisha mtu mzima kwenye nyumba yake bila kumwambia, ukamfungulia njia mpangaji mwingine aje akanyage sebule yake, hilo halina jina zuri. Na usirudie kuliita dogo mbele yangu.

Basi fanya hivi. Simu unayo juu ya uso, ishushe, mpigie mwenye nyumba sasa hivi, mwambie ile barua iliandikwa na mtu asiyehusika na kwamba mpangaji haendi popote. Asipokuelewa, mtume mke wako leo leo, maana katika ukoo wenu naona wenye akili ni hao wanawake wawili. Hilo gunia, ukipona ulirudishe pale pale palipokuwa na cherehani, kwa awamu, kisahani kimoja kimoja. Kisha mwombe yule mwalimu wa nyuma ya gereji akupe nafasi ya nane. Utaanza na chupa za maji.

Na mama mwambie leo. Usinitafutie maneno ya kumfanya asiudhike, ataudhika, ni haki yake, na wewe utasikiliza. Mwambie habari ya barua, mwambie na ile simu uliyoizima, maana nadhani hilo hamjawahi kulizungumza. Tena mwambie kabla hajakuinua kwenda msalani, usingoje baada. Ukishasema, nyamaza, umngoje. Akikuinua, shukuru. Akikuacha hapo kwanza, usipige kelele. Baba yako alisubiri mpaka saa kumi.