Chai ya Mwaipopo

Kasulu, Jumapili. Mwaka wa hamsini na tatu tangu mama anivushe mpaka wa nchi nikiwa mtoto wa miaka kumi, tukatokea Munanila, upande huu, na sufuria moja na mkeka. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ukungu haujaondoka migombani. Sikwenda kanisani. Nimekaa na chai niliyoichemsha mwenyewe.

Kesho mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, anataka jibu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, naye ameniomba niongeze miaka miwili, niendelee kuongoza chumba cha upasuaji. Mimi ni daktari mpasuaji. Nimeifanya kazi hii Kibondo, nikaifanya katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli mpaka ikafungwa, na sasa niko hapa, katika hospitali binafsi inayolipa vizuri kuliko popote nilipopata kufanya kazi.

Nalisema wazi ili asitokee wa kunihurumia: tunalipwa vizuri. Wote.

Na sijawahi kukaa na watu wenye uchungu kama hawa. Kambini tulilala kwenye maturubai na tulicheka. Hapa chumba cha chai kina jokofu na viti vya kuzunguka, na mazungumzo ni nani kapelekwa semina, nani kapewa nyumba yenye kisima, nani kazaliwa wapi. Mwaipopo, daktari wa usingizi, aliletwa kutoka Mbeya kwa ahadi kwamba nikistaafu yeye ndiye ataongoza. Nikastaafu. Wakaniomba nibaki. Tangu hapo ananiita "Mzee wetu" kwa sauti inayotumiwa kwa mgeni aliyepitiliza siku zake.

Siku moja nilimsikia nyuma ya mlango akimwambia Daktari Neema, kijana wa zamu: "Uraia wenyewe wa juzi, halafu kiti hataki kukiachia."

Neema akacheka. Nilisubiri kicheko kiishe, nikaingia, nikawasalimu.

Sasa habari ya chai. Kule nilikozaliwa, na huku kwa Waha pia, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Iwe pombe ya mtama, iwe maziwa. Ni adabu: anakuonyesha kwamba hamna sumu, nawe huna haja ya kuuliza. Mama aliamua tuondoke siku jirani yetu wa miaka yote alipoleta maziwa, akayaweka mlangoni bila kuyaonja. Wiki haikuisha, nyumba zile zikachomwa.

Miongoni mwa madaktari sikuwahi kudai desturi hiyo. Nilikunywa chai ya kila mtu. Lakini mwaka huu Mwaipopo aliponiletea kikombe kilichokwisha kutiwa sukari, mkono wangu ulikataa. Nilikiweka mezani, nikangoja. Alielewa, ameishi huku muda wa kutosha.

"Neema, njoo uone!" akaita. "Mzee wetu anangoja nionje. Mzee, sisi Mbeya hatuna sumu, tuna viazi tu!"

Walicheka, nami nikacheka. Chai ikapoa. Hakuionja, sikuinywa. Tangu siku hiyo kila asubuhi huniamkia, "Shikamoo Mzee, leo nionje?" nami hujibu marahaba, basi.

Ananichukia, au ananitania tu?

Nimekuwa nikiokota vitu vidogo. Mashine ya usingizi ambayo "haiko tayari" siku zenye wagonjwa wangu. Mfawidhi kujua kwamba nilichelewa kabla sijamwambia. Kila kimoja kina maelezo yake. Nikiviweka pamoja, sipati usingizi.

Ijumaa aliletwa mama mmoja wa Munanila, mtoto amekwama tumboni. Mwaipopo alimchoma mama sindano ya ganzi mgongoni. Nilikuwa nimeshika kisu aliposema, "Mzee, subiri. Presha inashuka."

Nikatazama kioo cha mashine ya presha. Namba ilikuwa nzuri. Nikajiambia: anataka kunisimamisha mbele ya manesi, ili isemwe kwamba mzee amekwisha. Mama akasema anasikia kichefuchefu. Hiyo ni dalili ya presha kushuka, ninayowafundisha vijana. Na mashine ile hupima kwa vipindi. Namba niliyoiona ilikuwa ya kipimo kilichopita. Haya yote nayajua.

Nikakata.

Mama akaacha kujibu. Mwaipopo akamchoma dawa ya kupandisha presha, akafungua dripu yote, akawa anamwita, "Mama! Mama, niangalie mimi! Usilale!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilimtoa mtoto, akalia. Baadaye mama akafumbua macho, akauliza kama ni wa kike. Ni wa kike. Nilipita wodini jana, wote wazima.

Tukinawa mikono, Mwaipopo hakuniita Mzee wetu.

"Daktari," alisema, "chai yangu usinywe mpaka ufe. Lakini nikisema subiri, subiri."

"Nimekusikia."

"Sasa ndiyo umenisikia."

Hajamwambia mfawidhi. Neema naye hajui; jana kanisalimu kama kawaida. Tangu Ijumaa najiuliza kwa nini Mwaipopo amenyamaza. Labda ananistahi. Labda anangoja nitie sahihi, kisha anishike kwa jambo hili miaka miwili.

Nimeyasoma tena maneno hayo niliyoyaandika. Mtu kamwokoa mgonjwa wangu, kanisitiri aibu, nami nautafuta mtego ndani yake.

Huenda mtego upo. Uchungu wa watu hawa sikuuota. Lakini kwenye meza ya upasuaji, anayeshika kisu sharti amwamini anayelinda pumzi, hata kama nje hawapeani mkono. Imani hiyo imeniisha, na wala haitaletwa na mshahara. Mama wa Munanila hakuujua ugomvi wetu. Alilala akatuamini sote wawili.

Kesho asubuhi nitaingia kwa mfawidhi. Nitamweleza alichokifanya Mwaipopo Ijumaa na nilichokifanya mimi, kabla hajakisikia kwa mwingine. Nitamwambia kiti ni cha Mwaipopo, kama alivyoahidiwa.

Mimi sirudi tena chumba cha upasuaji.