Walio Kitandani Asubuhi Hiyo

Jumatatu, 2 Februari 1998

Mke wangu Lidwina kasema nikiendelea kuifokea redio wateja watakimbia wote. Basi nitafokea humu. Binti yetu Yasinta kanipa daftari lake la mwaka jana, nusu yake haijaandikwa.

Leo saa saba mchana nilikuwa na redio tatu mezani, zote nimezifungua matumbo, zote zinaongea. Zikanidanganya zote tatu kwa pamoja! Eti kipindupindu kimedhibitiwa. Songea Mjini wagonjwa wanne, Songea Vijijini hakuna. Kimedhibitiwa na nani? Hapa Majengo mtaa mmoja tu tumezika wawili wiki iliyopita, fundi baiskeli na yule mama wa genge la nyanya. Na wote tunajua walikufa na nini. Shuka zao zilichomwa moto nyuma ya nyumba, harufu tumeisikia.

Bomba halijatoa maji tangu Ijumaa. Hilo halisomwi redioni.

Jumanne, 3 Februari

Mama lishe wamefungiwa. Masufuria yamepinduliwa barabarani, wali chini, kuku wa watu wanakula sikukuu. Vilabu vya pombe, komoni na ulanzi, navyo kufuli. Lakini baa ya karibu na stendi iko wazi! Nyama inaning'inia pale dirishani na inzi walewale wa jana. Inzi wa baa wana leseni. Tuliambiwa sasa biashara ruksa kwa wote. Kumbe ruksa ni kwa mwenye friji.

Bwana Afya wetu, Fransisko, kapita na kipaza sauti. Chemsheni maji, nawani mikono, epukeni misongamano. Yasinta kamwamkia vizuri tu, shikamoo, halafu kamuuliza: maji yapi tuchemshe? Kipaza sauti kikakwama ghafla. Jioni kaniletea nikitazame. Nimekifungua, kizima kabisa! Nimemrudishia bila kumtoza.

Redio: Mjini saba. Vijijini hakuna.

Alhamisi, 5 Februari

Watano!

Juzi saba, leo watano. Lidwina kashangilia, kasema Mungu mkubwa. Mimi hesabu haikuniingia. Nikamfuata Fransisko kwake, kakaa barazani anakula muhogo.

Nikamuuliza, hao wawili wamekwenda wapi? Kasema kaka, mimi naagizwa nipeleke idadi ya walio kitandani asubuhi hiyo, basi. Aliyepona karudi kwake, hayupo kitandani. Nikasema, na aliyekufa? Kameza muhogo. Kasema naye hayupo kitandani.

Kwa hiyo ukifa unawasaidia! Ukipona au ukifa, idadi inashuka, wakubwa wanapumua. Na aliyefia nyumbani je? Huyo hakupimwa, kasema, siwezi kumwandika. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Kanijibu kwa upole, kaka, mimi sifichi, mimi natumwa. Kanikaribisha muhogo. Nikakataa kwa hasira, na njaa ilikuwa inaniuma kweli.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani leo padre katukataza kupeana mikono ya amani. Tukainamiana vichwa tu. Kikongwe wa mbele yangu kagoma, kanyoosha mkono mpaka mtu akaupokea. Sitasema nani. Lidwina ana moyo laini.

Tulipotoka tukamkuta mtu wa baiskeli kutoka Maposeni, huko Vijijini, anatusubiri. Mzee Kajetani amefariki, baba yake Lidwina. Alianza tumbo jana asubuhi, jioni hawezi kusimama, usiku kaisha. Mzee aliyekuwa analima ekari mbili za mahindi kwa mkono wake! Alinipa mke bila kunisumbua, akanambia fundi redio ni sawa na mwalimu, wote wanaongea na watu wasiowaona.

Lidwina kalia palepale nje ya kanisa, kakaa chini kwenye tope na kitenge chake cha Jumapili.

Na saa saba redio ikasomaje? Songea Vijijini hakuna. Hakuna! Nimeizima nusura niivunje kitufe, na si yangu, ni ya mteja.

Jioni hiyohiyo.

Tumegombana. Mimi nimesema hatuendi. Misiba imepigwa marufuku, na sababu yake safari hii ni ya kweli hata kama wanaoisema ni waongo. Nawajua akina Lidwina. Mkishazika mnarudi uani, linaletwa beseni moja. Wakwe wananawa kwanza, kisha watoto, kisha ukoo mzima, maji yaleyale, hayamwagwi mpaka amalize wa mwisho. Halafu kila mtu anamega tonge kwenye sinia moja na bakuli moja la likolo, mboga ya majani. Ndivyo wanavyoagana na marehemu. Asiyenawa, wanasema, ana mkono kwenye kifo.

Na maji ya beseni yanatoka wapi? Kijito kilekile alichokunywa marehemu.

Lidwina kasema, Baba Yasinta, wewe ndiye mkwe mkubwa. Usipoonekana watasema ulimroga baba. Nikasema waseme! Maneno hayaharishi. Kasema wewe yatakupita, mimi ndiye nitakayeyasikia kila nikienda kwetu. Nikamwambia basi nenda wewe, umzike baba yako, lakini usitie mkono kwenye beseni na usile.

Kasema, nimekusikia.

Jumatatu, 9 Februari

Kaondoka na pikapu ya alfajiri. Nimempa dumu la maji ya kuchemsha na kipande cha sabuni. Kanicheka, kasema naenda kwetu kama naenda vitani. Nikamkumbusha beseni. Kasema tena, nimekusikia.

"Nimekusikia" si "ndiyo". Miaka kumi na minne ya ndoa na bado najifanya sijui tofauti yake.

Redio: Mjini watatu. Vijijini hakuna. Wakati huohuo wanamchimbia kaburi.

Jumanne, 10 Februari

Wameweka kamba barabara ya Peramiho, ile ya kwenda Maposeni. Hakuna kutoka wala kuingia. Sasa! Ugonjwa umezunguka nchi nzima toka mwaka jana, sasa ndiyo wanakumbuka kamba. Nimekwenda kuangalia. Mgambo wawili, ndoo ya dawa, na Fransisko kahamishiwa hapo. Ng'ambo ya kamba kina mama na vikapu vyao wanaomba kupita, wanaambiwa amri ni amri.

Likaja lori la bia. Kamba ikashushwa. Lori likapita!

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mgambo mmoja kanambia mzee tulia, bia imefungwa kwenye chupa. Na mke wangu je, nikasema, naye nimfunge kwenye chupa? Watu wakacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Yasinta kapika ugali, kaungua. Tumekula hivyohivyo.

Jumatano, 11 Februari

Sifuri! Mjini hakuna, Vijijini hakuna. Mtaa mzima umeshangilia. Vijana wamekwenda kumgongea mama wa kilabu afungue. Hata mimi, mbumbumbu, moyo ulitulia kidogo. Nikasema labda Lidwina atarudi kesho.

Saa kumi kaingia Athanasi, shemeji yangu, mdogo wake Lidwina. Tope mpaka magotini, kaikwepa kamba kwa kupita mashambani. Kaja kufuata betri za redio yao. Na kuniletea habari njema, anavyoona yeye.

"Mlamu, usiwe na wasiwasi. Jina lako limekaa vizuri. Wazee walianza kunong'ona, mkwe yuko wapi, mkwe yuko wapi. Dada akasimama mbele ya watu wote. Kanawa mara ya kwanza, kasema hii yangu. Kanawa mara ya pili, kasema hii ya Baba Yasinta, kazi imemzuia. Halafu kala tonge lake, kala na lako. Watu wakapiga makofi. Hakuna mwenye neno na wewe tena."

Asiyekuwepo hunawiwa na wa kwake. Nilikuwa nalijua hilo! Nalijua toka msiba wa bibi yao. Sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria redio.

Nikamuuliza yuko wapi sasa. Kasema kabaki kidogo. Tumbo limemkata tangu jana, uchovu wa msiba tu, analia sana.

Nilimshika shati. Nilimwita majina ambayo shemeji hamwiti shemeji. Na yeye masikini hakuelewa, macho yamemtoka, anarudia tu: "Lakini amekunawia, mlamu! Amekunawia!"

Alhamisi, 12 Februari

Maposeni. Yasinta nimemwacha kwa jirani. Nimepita mashambani na Athanasi, mahindi yenye umande, tumefika tumelowa.

Nyumbani kwao hayupo. Mama mkwe yuko mkekani, nimemwamkia, kanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hana hasira nami hata kidogo. Kasema, mwanangu, umemzika mkwe wako vizuri. Nilitamani anitukane.

Lidwina kachukuliwa alfajiri kwa baiskeli, kafungwa kwa kitenge asianguke. Wamemlaza kwenye mahema, uwanja wa shule. Kamba nyingine, mgambo wengine, Fransisko yuleyule, kahamishiwa tena huku. Kasema huruhusiwi kuingia. Nikasema huyo ni mke wangu. Kasema najua, kaka. Ana maji kwenye mshipa, na anakunywa ya chumvi kwa kijiko. Kachelewa kuja lakini anakunywa. Kanipiga bega, halafu kakumbuka, kaosha mkono kwenye ndoo.

Hemani yuko peke yake. Wagonjwa wengine wa Maposeni wamejificha majumbani wasije wakazikwa bila kunawiwa.

Mlinzi ana redio ndogo, antena yake nimeitengeneza mimi mwaka juzi. Saa saba kaiweka juu ya jiwe. Mjini hakuna. Songea Vijijini, mgonjwa mmoja.

Mlinzi kasema afadhali, mmoja tu.

Mmoja tu! Ana jina huyo mmoja. Anashona magauni ya komunyo, anaogopa kenge, anacheka kabla ya kumaliza hadithi. Siku zote hizi nawatukana kwa uongo wao. Leo kwa mara ya kwanza wamesema kweli, na kweli yenyewe ni hii.

Ijumaa, 13 Februari

Nimelala kwa mama mkwe. Asubuhi Fransisko kasema Lidwina anakunywa, kauliza kama Yasinta kala. Nikamwambia mwambie kala. Nikamwambia mwambie pia — halafu sikujua nimwambie nini. Kwamba nimekasirika? Anajua. Kwamba ahsante kwa kuninawia? Siwezi kutamka hilo.

Nimepiga kelele kwake kupitia turubai. Lidwina! Walinzi wakanirudisha nyuma. Sijasikia jibu, labda mvua.

Saa saba: Vijijini, mmoja.

Nimeshangilia peke yangu kama mwendawazimu. Mmoja! Yupo kitandani! Mlinzi kaniangalia kwa woga. Yeye hajui hesabu yao, hajui kwamba nikisikia mmoja nimesikia yuko hai. Betri zake zilikuwa zinakufa, nimempa nilizomletea Athanasi.

Usiku wa leo nasali sala ya ajabu. Ee Mungu, kesho wasiseme hakuna. Mimi niliyekuwa nalaani kila namba, leo naiomba namba.

Jumamosi, 14 Februari

Fransisko hajatoka asubuhi. Kila siku saa tatu anatoka. Mgambo kasema yuko ndani, ana kazi. Kazi gani? Hajui. Niingie? Hapana. Ukija mbele nitakufunga.

Tumekaa kwenye jiwe na redio, mimi na Athanasi na mlinzi. Athanasi kanambia taratibu, mlamu, ungekuja, dada angenawa mara moja tu. Hakusema kwa ubaya. Nami sikumjibu kwa ubaya. Ningekuja, ningeligombania lile beseni, ningelipiga teke maji yakamwagika, wangeniita mchawi mpaka wajukuu. Ningekuwa mchawi mwenye mke. Lakini sikuja. Nilibaki Majengo kuwa na akili.

Saa saba. Ngoma za taarifa zimelia. Wameanza na mafuriko, wakaja bei za mafuta, wakaja mgeni kutoka nje kapokewa uwanja wa ndege. Endelea, mjinga wewe, njoo huku kwetu!

Mkoa wa Ruvuma. Songea Mjini hakuna. Songea Vijijini hakuna.

Mlinzi kapiga makofi. Kasema ugonjwa umekwisha, kesho naenda kwangu. Mgambo wote wanapiga makofi. Mmoja anafungua kamba kabisa.

Hayupo kitandani. Basi. Ndicho walichosema, hakuna kingine. Kapona kakaa nje ya hema anakunywa uji, au —

Fransisko katoka. Anavua glavu, moja, ya pili. Anazitumbukiza kwenye ndoo. Anakuja huku, hana haraka. Athanasi kasimama, kavua kofia. Mimi naandika. Naandika ili nisimtazame usoni. Nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Kasema, kaka.